Chensoo ya Zamani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Mlio nyumbani, mlio kwenye foleni ya maji, mlio shambani na redio imetundikwa mtini, karibuni tena katika kipindi chetu cha kazi za mikono. Na wewe unayesoma karatasi hii katika kikundi cha wasikilizaji, karibu pia. Soma taratibu, na wasomee wenzako wasiojua kusoma.

Leo nazungumza nanyi juu ya chensoo. Wengine mnaiita msumeno wa mota. Ndugu zetu waliotoka Beni, Lubero na Mambasa wanasema tronsonezi. Mashine ni ileile. Inapasua gogo, inatoa mbao, mbao inakuwa kitanda, mlango na dawati la mtoto. Humu kambini wapo baba zetu waliolea familia nzima kwa mashine hiyo kule nyumbani, na wapo vijana wanaotaka kuanza. Lakini chensoo mpya ni ghali. Kwa hiyo wengi wananunua nzee, iliyokufa, wakitumaini kuifufua. Je, inafufuka? Ndiyo, mara nyingi inafufuka. Ila kuna njia ya kuifufua, na kuna njia ya kupoteza pesa.

Nitawaeleza habari ya vijana watano wa hapa. Majina siyataji, wao wenyewe wameniomba hivyo. Waliweka akiba kwa miezi minane, kidogo kidogo, wengine kwa kuuza sehemu ya mgao wao. Wakanunua Stihl 070 ya zamani, haiwaki, rangi imeisha, mpini umefungwa kwa waya. Majuma mawili yaliyopita walikuja hapa kituoni wameibeba ndani ya gunia. Hawakuja kutangaza biashara. Walikuja wakiwa wamegombana.

Mmoja wao ndiye aliyetumwa mjini kununua spea. Alinunua pistoni ya kwanza, ikakataa kuingia. Akanunua ya pili, ikaingia, mashine ikanguruma siku moja, siku ya pili ikakwama. Pistoni mbili zimelipwa na mashine bado ni maiti. Wenzake wakaanza kusema: huyu amekula pesa zetu, ametuletea takataka. Yeye akasema: mimi nilimwambia muuzaji jina la mashine, akanipa. Wakafikia kutosalimiana.

Tukamwita mzee mmoja wa humu, fundi aliyepasua mbao Ituri kwa miaka mingi. Mzee alisikiliza, hakumuuliza mtu yeyote swali. Alisema: “Lete mashine. Yenyewe itasema.” Nilikaa pale nikitazama, na yote ninayowaeleza leo nimeyatoa kwenye mikono ya yule mzee.

Tuanze na pistoni ya kwanza. Kwa nini ilikataa kuingia?

Kampuni ya Stihl ni ya Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1926. Spea zake zina namba ndefu yenye tarakimu 11, zimeandikwa kwa mafungu matatu: nne, kisha tatu, kisha nne. Fungu la kwanza linakuambia ukoo wa mashine. Ukiona 1106, huo ni ukoo wa 070. Ukiona 1119, huo ni ukoo wa 038 na MS 380. Ukiona 1122, huo ni ukoo wa 066 na MS 660. Fungu la katikati linakuambia sehemu ya mashine: kwa mfano 020 ni upande wa silinda, 120 ni upande wa kabureta. Fungu la mwisho ndilo linalotaja kipuri chenyewe. Namba hizo mara nyingi zimechongwa au zimetokeza juu ya chuma au plastiki. Futa grisi kwa petroli kidogo na kitambaa, utaziona.

Sasa sikiliza vizuri. Ukoo wa 1106 una watoto zaidi ya mmoja. Yumo 070 na yumo 090. Kwa nje wanafanana kama mapacha. Lakini silinda ya 070 ina upana wa milimita 58, na ya 090 ina milimita 66. Vivyo hivyo ukoo wa 038: ipo yenye silinda ya milimita 48, ipo ya 50, ipo ya 52. Kwa hiyo ukienda dukani na jina peke yake, ni sawa na kwenda kumnunulia mtoto viatu kwa kutaja jina la baba yake. Viatu utapata, lakini mguu je?

Ndicho kilichompata kijana wetu. Pistoni ya kwanza ilikuwa ya 090. Mzee aliipima kwa vernia, ikasoma karibu 66. Akaipima silinda, ikasoma 58. Akaviweka vyote viwili mezani mbele ya wale vijana watano bila kusema neno. Wakatazama wenyewe.

Somo la kwanza basi: usinunue kwa jina, nunua kwa kipimo. Njia iliyo bora ni kubeba kipuri kibovu chenyewe. Usikitupe hata kama kimevunjika. Kisafishe, kifunge kwenye karatasi, nenda nacho. Dukani weka cha zamani na kipya bega kwa bega. Tazama upana, tazama urefu, tazama tundu la pini, tazama ringi ni ngapi. Kama huwezi kubeba kipuri, beba vipimo vilivyoandikwa, na namba iliyochongwa. Na kabla hujatoa pesa, mwulize muuzaji mbele ya shahidi: kikikataa kuingia, unakipokea? Akisema hapana, utajua unacheza kamari.

Vipo vipuri ambavyo huna haja ya kuvitafuta kwenye duka la chensoo. Beringi zina namba za dunia nzima. Beringi iliyoandikwa 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 35 na unene 11, iwe imetoka nchi yoyote. Muuzaji wa spea za pikipiki anaijua. Ila kwa beringi za ndani ya injini, tafuta iliyoandikwa C3 baada ya namba. Maana yake ina nafasi kubwa kidogo ndani, kwa ajili ya joto. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu, upana wa nje, unene. Ukisoma 15, 25, 5, basi ndivyo ilivyo. Mwambie tu muuzaji kwamba sili hiyo itakaa kwenye injini ya petroli. Na kabureta, usiangalie jina la chensoo, angalia jina la kabureta lenyewe. Nyingi ni Walbro au Tillotson, na aina yake imechongwa mwilini. Paketi ya diaframu, ile mipira myembamba ya ndani, inanunuliwa kwa namba hiyo.

Plagi nayo tahadhari. Plagi ya pikipiki inaweza kuingia kwenye nyuzi vizuri kabisa, lakini ikawa ndefu. Ukivuta kamba, pistoni inapanda na kuigonga. Hapo umeharibu vitu viwili kwa kuokoa kimoja. Linganisha urefu wa sehemu yenye nyuzi, ya zamani na mpya, kabla ya kufunga.

(Muziki mfupi.)

Tunarudi. Sasa pistoni ya pili. Hii ilikuwa ya kipimo sahihi, milimita 58. Kwa nini ilikufa kwa siku moja?

Mzee alifungua ekzosi akachungulia kwenye tundu lake. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya kushuka chini, kama imekunwa na kucha. Akauliza: “Mlichanganya mafuta namna gani?” Walijibu sawasawa. Lita 5 za petroli na mililita 200 za oili ya tu-stroki, yaani 1 kwa 25. Kwa mashine nzee na oili ya kawaida ya dukani, hicho ni kipimo salama. Chupa ya soda ya mililita 300, ijaze theluthi mbili, umepata mililita 200. Usitumie oili ya injini ya pikipiki inayobadilishwa, hiyo haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli.

Basi kama oili ilikuwepo, kwa nini pistoni ilikwaruzwa? Mzee akauliza swali jingine: “Siku ile ilipowaka, mlipoachia mafuta, ilitulia?” Vijana wakatazamana. Mmoja akasema: “Hapana, mzee. Ilikuwa inapiga kelele yenyewe, inapanda bila kuguswa. Tulifurahi, tukadhani ina nguvu.”

Wasikilizaji, hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Injini ya tu-stroki inalainishwa na oili iliyo ndani ya petroli yake. Kama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, hewa inazidi, petroli inapungua, na oili inapungua pamoja nayo. Mashine inapanda mbio, inapata moto, pistoni inavimba na kujikwaruza. Kelele ile haikuwa nguvu. Ilikuwa homa.

Mzee akatafuta tundu la hewa. Akatoa ekzosi na kabureta. Mlango wa ekzosi akauziba kwa kipande cha mpira wa tyubu kilichokazwa na bolti. Mlango wa kabureta akauziba vivyo hivyo, lakini mpira wake ulikuwa na valvu ya baiskeli. Akazungusha injini hadi pistoni ikafika juu. Akavua upande wa klachi na upande wa gurudumu la sumaku ili sili zionekane. Kisha akapiga pampu ya baiskeli mara chache tu, taratibu, maana ukijaza kwa nguvu kama tairi unazifukuza hata sili zilizo nzima. Akapaka maji ya sabuni. Upande wa klachi, povu likaanza kuchemka.

Sili moja. Kijimpira kisichofika ukubwa wa sarafu mbili. Kilikuwa kimekauka na kupasuka kwa miaka, tangu kabla vijana hawajainunua mashine. Hicho ndicho kilichoua pistoni ya zamani, na hicho ndicho kilichoua pistoni mpya, na kingeua ya tatu na ya nne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana wetu walijenga ukuta mara mbili, na ufa ulikuwa palepale.

Somo la pili: spea mpya haiponyi ugonjwa. Kabla hujabadilisha kilichokufa, jua kimekufa kwa sababu gani. Injini ikitaka kuwaka inahitaji vitu vitatu: mgandamizo, cheche na petroli. Vipime kwa zamu, havikugharimu kitu. Vuta kamba pole pole: kama mkono hausikii kizuizi, mgandamizo hakuna. Fungua plagi, irudishe kwenye waya wake, iguse chuma cha silinda mbali na petroli, vuta kamba, tazama cheche. Cheche ikiwepo, dondosha matone machache ya petroli kwenye silinda, funga plagi, vuta. Ikishtuka ikazima, injini ni nzima, tatizo lipo kwenye njia ya petroli: chujio, bomba lililopasuka au diaframu iliyokakamaa. Hayo ni matengenezo ya bei ndogo. Wengi wamenunua kabureta zima wakati ugonjwa ulikuwa bomba la urefu wa kidole.

Na spea za kuiga je? Zipo nyingi, hasa za 070 na za MS 381. Sizikatazi, maana wengi wetu hatuna uwezo wa nyingine. Mzee anasema hivi: kwa kamba, kifuniko, mpini, kifuniko cha tangi, chukua za kuiga bila hofu. Lakini vile vipete vidogo vinavyoshika pini ya pistoni, beringi na sili, tafuta vilivyo bora unavyoweza. Kipete kimoja kikichomoka ndani ya silinda, kazi yote imekwisha.

Cheni nayo ina vipimo vitatu, navyo lazima vikubaliane. Cha kwanza ni hatua. Pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu. Ukipata karibu milimita 20 na nusu, hiyo ni cheni ya 404. Ukipata 18 na nusu hivi, ni ya 3/8. Ukipata 16 na nusu, ni ya 325. Cha pili ni unene wa meno ya chini yanayotembea ndani ya mfereji wa baa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya meno hayo ya chini. Yahesabu yote, moja moja. Mara nyingi hatua na unene zimechongwa kwenye baa karibu na injini. Na sproketi, ile gia inayovuta cheni, lazima iwe ya hatua ileile. Sproketi iliyolika itaila cheni mpya kwa muda mfupi.

(Muziki mfupi.)

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nitake kipindi hiki kitoke leo na si juma lijalo.

Mzee alipomaliza na sili, vijana walianza kucheka tena. Mmoja akasema, basi tufunge, twende kazini. Mzee akasema: “Bado. Kuna vipuri vitatu hamkuniuliza.”

Akawaonyesha. Chini ya injini, mbele ya sproketi, panapaswa kuwa na kijichuma cha kushika cheni inapokatika. Hakipo. Kwenye mpini wa nyuma panapaswa kuwa na kizuizi, usipokikamata kwa kiganja, mafuta hayavutiki. Kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa tyubu, kimeshikwa wazi daima. Na mashine yenyewe, kama 070 nyingi za zamani, haina breki ya cheni. Injini inawaka bila vyote hivyo. Ndiyo sababu hakuna aliyeviona.

Akavuta suruali yake hadi juu ya goti. Nilimfahamu mzee huyu miaka yote kama mtu anayechechemea, sikuwahi kuuliza. Kovu linaanzia juu ya goti, linashuka. Alisema ncha ya baa iligusa tawi asiloliona, mashine ikarudi nyuma kwa kasi, na kizuizi cha mafuta kilikuwa kimefungwa kwa ukanda, kama cha vijana hawa. Alikifunga yeye mwenyewe, kwa sababu kidole kilikuwa kinachoka.

Kijana mwenzangu, kipuri cha kwanza kununua ni kile kinachokulinda. Kishika cheni ni cha bei ndogo. Kizuizi cha mpini nacho. Ukanda wa tyubu ukate leo. Kama mashine yako haina breki, usikate kwa ncha ya baa hata siku moja, usiinue juu ya mabega, simama pembeni na si nyuma ya baa, na usifanye kazi peke yako. Vaa viatu vigumu, linda macho na masikio. Aliyekunywa waragi asiguse kamba. Hapa kwetu gari la wagonjwa linatoka mbali, na damu ya mguu haingoji.

Jambo la mwisho. Mashine iliyofufuka si ruhusa ya kukata. Mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na Uganda ina sheria ya misitu ya mwaka 2003. Kabla ya gogo la kwanza, nenda kwa ofisi ya makazi, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, elewana na mwenye mti, na makubaliano yaandikwe. Wapo majirani wenyeji wenye mikaratusi na misonobari waliyoipanda wenyewe, wanatafuta wapasuaji waaminifu. Mti mmoja uliokatwa usiku unaweza kutuharibia ujirani wa miaka kumi, na lawama haitamwangukia aliyekata peke yake, itatuangukia sote.

Na kuna wakati wa kuiacha. Kama nyumba ya injini imepasuka, au shafti kuu imepinda, na silinda imeisha, piga hesabu ya vyote kwenye karatasi kabla ya kununua hata kimoja. Jumla ikikaribia bei ya mashine nzima iliyotumika, uza hiyo nzee kama spea. Kuna mtu anayetafuta kipuri ulicho nacho wewe.

Mtauliza, wale vijana je? Sili wamepata kwa muuzaji wa spea za pikipiki, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Pistoni ya 090 bado wanayo, wanatafuta mwenye 090. Kama ni wewe, pita hapa kituoni. Pistoni ya tatu wanaichangia upya, na mashine bado iko mezani kwa mzee.

Lakini jioni ile, kabla ya kuondoka, yule aliyekuwa wa kwanza kusema “amekula pesa zetu” alisimama. Alimpa mwenzake mkono, akasema, “Kaka, nisamehe.” Yule mwingine alichelewa kidogo, kisha akaupokea. Safari ijayo ya mjini, wamekubaliana, wataenda wawili, na vernia ya mzee mfukoni.

Kama una mashine iliyolala nyumbani, usiitupe na usiikimbilie dukani. Ifungue, isafishe, isome, ipime. Andika. Kisha njoo uulize. Mzee anakaa hapa kituoni kila siku ya soko baada ya saa nane mchana, na hadai pesa kwa swali.

Mimi nawaaga hapa. Mbaki salama, na mikono yenu yote miwili ibaki salama.

(Muziki wa kufungia.)